Kuanzisha kikundi cha ukulele usharikani kwa watu ambao hawajawahi kushika ala yoyote

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika kwa ajili ya sharika zetu hizi za kawaida, ambako kuna kwaya kuu, kuna ya vijana, kuna ya kina mama, halafu kuna watu kibao wanaokaa benchi kila Jumapili wanatamani kupiga ala ila kinanda kina mwenyewe na gitaa lina mwenyewe na hakuna pa kujifunzia. Hao ndo watu wa kikundi hiki. Ukulele ni kigitaa kidogo chenye nyuzi nne tu, za nailoni, hazikati vidole kama za gitaa, na mtu akikaa nayo vizuri anapiga wimbo mzima siku hiyohiyo ya kwanza, na nitaeleza inawezekanaje.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Sisi watu wa makanisani tuna solfa. Mama ambaye hajawahi kugusa kinanda anaweza kukuimbia do re mi fa bila kutetereka na kushika sauti yake ya alto mwanzo mwisho, sasa ukianza kumfundisha muziki kama vile hajui kitu unampotezea muda na kumvunja moyo. Video nyingi za mtandaoni zinafundisha mtu ambaye hata kuimba anaona aibu, wewe una watu wanaoimba sauti nne! Anzia hapo.

Kabla ya kununua chochote nenda kwa mchungaji na baraza la wazee, na kabla ya wao mwone mwalimu wa kwaya. Huyu usimruke. Akisikia tu kwamba kuna kikundi kingine cha muziki kimeanzishwa nyuma yake mtagombania siku, chumba na waimbaji, lakini ukimweleza mapema kwamba wanaojifunza ni wale wasio na kwaya na kwamba unaomba akusaidie solfa, mara nyingi anakuwa wa kwanza kutaka kujaribu. Wazee wengine watauliza hako kagitaa ka watoto kanaingiaje ibadani. Waeleze kwamba ni ala kamili yenye historia yake, Wareno wa kisiwa cha Madeira walifika Honolulu mwaka 1879 kwa meli ya Ravenscrag kwenda kufanya kazi mashamba ya miwa, kati yao wakiwemo mafundi seremala, wakaanza kuunda huko Hawaii vigitaa vidogo kwa mfano wa vile vya kwao, na ndo ikazaliwa ukulele.

Hela. Usiwaambie watu wanunue kila mmoja yake mwanzoni, wengi wataishia hapohapo. Bora usharika ununue chache, sita hadi kumi zinatosha kabisa, na njia rahisi ni ule mnada wetu wa baada ya ibada, mkungu wa ndizi na kuku wawili watatu Jumapili mbili tatu zinasogeza mambo, na ambao hawatajifunza kabisa watachangia wakijua ni kwa ajili ya nini. Ziandikwe kwenye daftari la mali za usharika, kila moja ipewe namba kwa karatasi ya gundi mgongoni, na funguo za kabati zikae kwa mtu mmoja anayejulikana.

Wakati wa kununua utakuta saizi nne, soprano ambayo ndo ndogo na mara nyingi ndo ya bei ya chini kuliko zote, halafu concert, tenor na baritone. Baritone iache, inatyuniwa tofauti, yaani nyuzi zake zinakazwa kwa sauti nyingine, na itawachanganya. Kwa kikundi cha mchanganyiko nunua concert nyingi na soprano chache za watoto, maana baba mwenye vidole vinene kwenye soprano anateseka bure. Ukiwa dukani fanya hivi: piga uzi ukiwa wazi, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12 (freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni, zinahesabiwa kuanzia kichwani) uupige tena, lazima iwe noti ileile ila ya juu, yaani do na do ya juu. Ikitoka imepindapinda rudisha, hiyo ni midoli imepakwa rangi nzuri na hakuna kutyuni kutakakoiokoa. Na asije fundi yeyote akawafungia nyuzi za chuma za gitaa eti zinadumu, mvuto wake ni mkubwa na utang'oa daraja lililogundishwa pale kifuani.

Kutyuni. Nyuzi ni G, C, E, A, ukihesabu kutoka ule ulio karibu na kidevu kushuka chini. Sasa waambie watu wako do ni C, halafu waimbe: so, do, mi, la. Basi, wameshajua kutyuni, masikio yanayo tayari. Ila angalia, ile so ya juu haiko kama uzi mnene wa gitaa, iko juu ya mi, kwa hiyo ukiimba unaanzia juu, unashuka kwenye do, kisha unapanda mi na la. Wapiga gitaa wengi wanakosea hapa. Nunua tyuna, kale kamashine kanakoonyesha uzi umefika sauti yake, iwe ndogo ya kubana kichwani mwa ala, mbili zinatosha, maana programu ya simu inasikiliza na jirani na feni na watoto wa nje wote kwa pamoja na inachanganyikiwa. Nyuzi mpya za nailoni zinavutika siku za mwanzo, utazikuta zimeshuka kila mara, usiogope, kaza tena. Na zityuniwe zote kabla watu hawajafika, wewe na msaidizi mmoja, kwasababu ukisubiri mfanye pamoja kipindi chote kitaishia kwenye kukaza vifunguo.

Haya, kipindi cha kwanza. Watu wakae nusu duara ili kila mmoja aone mkono wako. Kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ninazozitaka ni tatu, na ziandike kwa herufi kubwa kwenye manila ukutani, pamoja na solfa yake kutoka uzi wa juu kwenda wa chini. C ni kidole cha pete kwenye freti ya 3 ya uzi wa A, nyingine zote wazi, inatoa so do mi do. F ni kidole cha kati freti ya 2 ya uzi wa G na cha shahada freti ya 1 ya uzi wa E, inatoa la do fa la. G7 ni kidole cha shahada freti ya 1 ya uzi wa E, cha kati freti ya 2 ya uzi wa C, cha pete freti ya 2 ya uzi wa A, na hiyo inatoa so re fa ti. Wakiiimba kwanza kordi kwa mdomo halafu wakaipiga, mtu anayebonyeza vibaya anajisikia mwenyewe kabla hujamwambia, na hiyo inapunguza sana aibu.

Sasa usimfundishe kila mtu kordi zote tatu. Gawa watu makundi matatu kama kwaya inavyogawa sauti, kundi la C, kundi la F, kundi la G7, kila mtu kordi moja tu na asiihangaikie nyingine. Wewe simama mbele, waanze kuimba pole pole, na ukifika mahali pa F unanyoosha mkono kwa kundi la F nao wanacharaza chini mara moja kwa kila pigo, ukifika G7 unageukia wale. Chukua Yesu Kwetu ni Rafiki, kila mtu anaujua. Mstari wa kwanza unakwenda C, F, C, G7. Wa pili C, F, C, G7 na unatua C. Wa tatu unaanzia G7, unaingia C, halafu F, C, G7. Wa nne ni kama wa pili. Kordi tatu tu wimbo mzima! Mara ya kwanza watachelewa na watacheka, ya pili inakaa, ya tatu utaona watu wanaangaliana maana wamesikia kitu ambacho hawakutegemea kutoka mikononi mwao. Kisha makundi yabadilishane, waliokuwa C waende F. Ukimaliza kipindi kila mtu ameshashika kordi zote tatu bila kujua kwamba alikuwa anasoma.

Kwa ufunguo wa C, yaani do ikiwa C, wimbo huu unashuka, wanaume wanafurahi ila sauti za kina mama zinazama. Ukiwa na kapo, kile kibanio cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote kwa pamoja, ibane freti ya 2 kwa zote, vidole vinabaki vilevile na wimbo unapanda hadi D. Lakini kapo iwekwe kwenye kila ukulele au isiwekwe kabisa, na kama hakuna za kutosha endeleeni tu na C.

Mkono wa kulia watu wanauharakisha mno. Wiki za mwanzo ni kidole gumba, chini, chini, chini, kwa kufuata mguu. Baadaye ndo unaongeza kucha ya shahada, chini juu chini juu, na pambio zetu zile za kupiga makofi zitawafundisha mdundo kuliko mazoezi yoyote, wapige makofi kwanza, halafu makofi yahamie kwenye nyuzi. Mkono wa kushoto kucha zikatwe, hapa hakuna njia nyingine, dada mwenye kucha ndefu hatabonyeza uzi hata afanyeje, mwambie mapema kwa upole asije akadhani hana kipaji.

Kipindi cha pili na cha tatu ni kubadilisha kordi. C kwenda F ndo ngumu ya kwanza. Waweke wabadilishe bila kucharaza, vidole tu, polepole, wakiangalia mkono, kisha bila kuangalia. Ongeza kordi ya nne, Am, mapema maana ni zawadi, ukiwa kwenye F ukainua kidole cha shahada tu umeshapata Am, la do mi la. Kwa kordi hizo nne una pambio za kutosha mwaka mzima. Usikimbilie tenzi zenye B bemoli (B iliyoshushwa nusu sauti), hiyo kordi inawafanya watu wazima wanarudisha ala kabatini. Kwa sababu hiyohiyo msijiunge haraka na matarumbeta, wale wanapenda funguo za bemoli na ninyi mtapotea.

Mpiga gitaa wa usharika ni hazina, mkalishe karibu. Ukulele ni kama nyuzi nne za chini za gitaa zilizobanwa kapo freti ya 5, kwa hiyo umbo lake la G kwenye gitaa huku linakuwa C, la C linakuwa F, na la D7 linakuwa G7. Akishaelewa hilo ni mwalimu msaidizi siku hiyohiyo.

Nyumbani watu hawana ala, kwa hiyo waachie njia. Rekodi wimbo pole pole kwa simu, tuma kwenye grupu la WhatsApp, wasikilize na kuimba majina ya kordi zinapobadilika, hata wakiwa wanapika. Na wapange zamu ya kuazima, mtu anaondoka nayo Jumapili anairudisha Jumamosi, anasaini daftari. Mwambie tu asiiache kwenye gari juani au chini ya bati, joto linalegeza gundi.

Siku ya kupiga ibadani ombeni kinanda kipumzike, hasa ile midundo yake, na spika zishushwe, kwasababu ukulele kumi zinazamishwa na kinanda kimoja. Kayamba na ngoma ndogo zinatosha, besi waimbe wababa. Maikrofoni iwe mbele ya ala, ielekee pale shingo inapokutana na mwili, isielekezwe kwenye tundu. Wimbo mmoja tu, ule mnaoujua hadi usingizini, beti tatu, na mwacheni mchungaji awatangaze kama wanafunzi ili washarika waimbe nanyi badala ya kuwasikiliza. Na mtu asimame mlangoni na daftari baada ya ibada, wanaotaka kuingia kundi linalofuata wanakuja palepale moto ukiwa bado upo, Jumapili ijayo wameshasahau.