Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanamaji Aliyekuwa Mbunge

Roger Keyes, admirali wa Uingereza aliyekuwa pia mbunge wa Portsmouth Kaskazini kuanzia 1934 hadi 1943, huwaletea wanafunzi wangu wa Bukavu swali kabla hawajaandika hata mstari: mwanajeshi aliingiaje bungeni, ilhali katiba yetu ya Kongo ya 2006 inalitaka jeshi lisijihusishe na siasa? Anza wasifu wako na swali hilo, kwa kuwa msomaji wako naye atakuwa nalo, kisha mweleze kwamba desturi ya Waingereza ilikuwa nyingine: Keyes alichaguliwa Februari 1934, na alistaafu jeshini mwaka uliofuata.

Chukua karatasi ya miraba, upige mstari mmoja wa miaka, na juu yake uandike utumishi wa majini kwa kalamu ya bluu na wa bungeni kwa nyekundu. Ukipiga mistari miwili, utaandika habari za watu wawili. Kuzaliwa kwake 1872, kuingia jeshini 1885, na ujana wake katika pwani ya Afrika Mashariki, akisaka majahazi ya watumwa, vinatosha aya moja, ingawa mimi huona vigumu kuipita pwani hiyo upesi.

Tulia kwenye Zeebrugge, bandari ya Ubelgiji. Usiku wa kuamkia 23 Aprili 1918, Keyes aliongoza shambulio la kuzamisha meli kuukuu mdomoni mwa mfereji ili nyambizi za Ujerumani zisitoke. Waingereza zaidi ya 200 walikufa, na baada ya siku chache nyambizi zilikuwa zikipita tena. Usiandike ushujaa ukaliacha hilo. Waliokufa wanastahili ukweli.

Rangi mbili zinakutana tarehe 7 Mei 1940. Keyes alifika bungeni amevaa sare kamili ya admirali, nishani zimejaa kifuani, akaeleza jinsi rai yake ya kuishambulia Trondheim, mji wa Norwei uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, ilivyokataliwa. Eleza sare kabla ya hotuba, maana aliivaa ili awasemee wanamaji waliokuwa na uchungu. Kesho yake alipiga kura dhidi ya serikali ya chama chake. Andika hesabu yenyewe, 281 kwa 200, kwani serikali ilishinda kura hiyo na bado Waziri Mkuu Chamberlain akajiuzulu tarehe 10. Ukiiacha, msomaji atadhani ilishindwa.

Malizia na 1943, alipoingia Bunge la Malodi, na cheo chake, Baroni Keyes wa Zeebrugge na Dover, ukiandike kwa kalamu zote mbili.