Ukienda kwa vijana wa karanga, acha fulana nyumbani

Siku ya kwanza nilifika Changamwe, Mombasa, nimevaa fulana ya mradi wa kuzuia VVU, virusi vya Ukimwi, daftari mkononi. Vijana wa Burundi wanaotembeza karanga wakanionea mbali, wakadhani kanjo, askari wa kaunti, wakatawanyika na vikapu vyao. Mama wa banda la chai alinicheka mpaka akakaa chini.

Basi anza kwa kununua karanga. Nenda jioni wanapohesabu pesa. Mchana mtu anatafuta riziki, hana wakati nawe. Kitambulisho usiulize kamwe.

Wala usihubiri wewe. Tafuta mwenzao, yule wanayemkopa na kumpelekea ugomvi wao, umfundishe yeye. Kule North Carolina, Marekani, wahamiaji wa Kilatino walifikiwa kupitia ligi za soka: mchezaji aliyefunzwa, wakamwita navegante, ndiye aliyewaeleza wenzake habari za kondomu na kupima. Hapa timu ni chumba cha kupanga, watu sita mkeka mmoja. Kijana niliyemfundisha huwaeleza kwa Kirundi. Mimi Kimvita changu huwachekesha tu.

Penye kazi ni kipimo cha VVU cha mate. Mtu asile wala asinywe kitu kwa dakika 15 kabla, na hawa hutafuna karanga kutwa! Kijiti kipite ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, kisha kitiwe kwenye kichupa. Soma baada ya dakika 20, zisipite 40. Mistari miwili yaonyesha huenda ana virusi, lakini bado si jibu la mwisho: lazima apimwe damu kliniki. Mpeleke mwenyewe, wengi hugeukia getini. Mstari mmoja, yaani virusi havikuonekana, na alijihatarisha miezi mitatu hii, arudie baadaye.

Dawa mbili za kuzuia VVU watu hushindwa kuzitofautisha kila siku. PrEP humezwa na asiye na virusi, kabla ya hatari. PEP ni ya baada: ianzwe ndani ya saa 72, imezwe siku 28. Mpira ukipasuka Ijumaa saa nne usiku, Jumatatu saa hiyo umechelewa. Aende usiku uleule, asingoje wiki ianze.

Kondomu sigawi mkononi, wanaona haya. Boksi hukaa bandani nyuma ya mkebe wa sukari, mbali na jiko maana joto huziharibu. Zikiisha, mama wa chai hunibipu.