Kura za ngome na kura za kuyumba: namna ya kuzipima kituo kwa kituo

Mwaka 2022, katika uchaguzi wa urais wa Kenya, William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211, na vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kama kura tano kwa kituo. Timu isiyojua kura zake za kudumu (za ngome) ziko wapi humwaga pesa za kampeni kwa watu ambao wangeipigia tu.

Usianze kwa kuuliza watu, maana mpiga kura hukubaliana na kila anayebisha hodi. Anza na fomu za matokeo za kituo: 34A ya urais, 35A ya ubunge, 36A ya udiwani, 37A ya ugavana, 38A ya useneta na 39A ya mwakilishi wa wanawake. Fomu 34A za 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilizianika mtandaoni. Hizo nyingine watafute mawakala waliopewa nakala.

Kwa kila kituo, andika kura za chama chako katika nafasi zote isipokuwa udiwani. Udiwani huvuruga hesabu kwa sababu ukoo, jirani na wagombea huru hukizidi chama nguvu. Tuseme rais alipata 410, gavana 402, seneta 398, mbunge 395: hiyo ni ngome. Lakini rais akiwa na 410 na mbunge 230, basi wanaopigia chama kuanzia juu hadi chini hawawezi kuzidi 230, na waliobaki walimfuata mtu. (Tanzania, chama tawala CCM huhimiza kura hiyo ya juu hadi chini kwa jina la mafiga matatu: rais, mbunge na diwani.)

Kisha linganisha na 2017, na hapa ndipo wengi hukosea. Tumia Agosti 8, si marudio ya Oktoba 26 ambayo NASA, muungano wa Raila wakati huo, iliyasusia. Matokeo ya urais ya Agosti yalifutwa na Mahakama ya Juu, kwa hiyo yapime dhidi ya kura za ubunge za siku hiyo. Vituo pia vimeongezeka, kwa hiyo jumlisha vituo vyote vya shule moja kabla ya kulinganisha. La tatu ni miungano: chama cha Ford-Kenya kilikuwa na Raila 2017, kikawa na Ruto 2022. Jubilee, chama cha Ruto 2017, nayo ikahamia Azimio, muungano wa Raila wa 2022. Mtu wa Bungoma, ngome ya Ford-Kenya, aliyebadilisha mgombea urais huenda hakukiacha chama chake hata kidogo.

Ukimaliza, angalia waliojitokeza kabla ya kumwita yeyote mwenye kuyumba, yaani anayehama chama. Shule ina wapiga kura 600. Chama chako kilishuka kutoka 380 hadi 300, mpinzani akapanda kutoka 110 hadi 115 tu. Kwa uwezekano mkubwa, karibu wote wale 80 walibaki nyumbani. Kumbuka mwaka 2022 waliojitokeza nchini walikuwa takriban asilimia 65, chini sana ya 2017. Lakini kama mpinzani angepanda hadi 185 na idadi ya waliojitokeza ikabaki karibu ileile, hapo kura zimehama kweli.

Dawa zake hazifanani. Aliyebaki nyumbani anahitaji kijana wa mtaani wa kumpigia simu asubuhi ya uchaguzi. Aliyehama mpelekee mgombea mwenyewe, mapema, katika kikao kidogo ambapo anaweza kuuliza maswali na kujibiwa. Mkutano wa hadhara wenye muziki na fulana huwavuta zaidi wale wa ngome.