Kuendesha kazi ya viwango vya teknolojia zilizo chini ya IP: mwongozo kwa kikundi cha Dodoma

Kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa rasimu ya kiwango, jibuni swali moja kwa maandishi: jambo hili lina wenyewe gani? Chini ya IP, yaani kwenye viungo vinavyobeba itifaki hiyo ya pakiti za intaneti, kila kitu kina mwenyewe. Fremu za Etheneti na Wi-Fi ni za IEEE 802, kamati ya viwango vya mitandao ya karibu. Usafirishaji wa mwanga kwenye faiba, pamoja na mifumo yake ya SDH na OTN, ni wa ITU-T, kitengo cha viwango cha shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, inashika MPLS (njia ya kupitisha pakiti kwa lebo fupi), na inashika namna IP inavyobebwa na kiungo cha aina yoyote. Kikundi kinachokosea hapa kinaweza kupoteza mwaka mzima, kwa sababu rasimu iliyopelekwa pasipohusika haikosolewi, inaachwa tu mpaka inakufa.

Mipaka hii imewasumbua hata wakongwe. Mwaka 2001 IETF ilikuwa na eneo la muda la kazi za chini ya IP, kwa kuwa MPLS, upangaji wa njia za trafiki na mitandao binafsi ya wateja vilikuwa vinaingiliana na hakuna aliyeviangalia kwa pamoja. Eneo hilo lilipofungwa, vikundi vya MPLS na CCAMP (kikundi cha udhibiti na upimaji wa mitandao) vilihamishiwa upande wa uelekezaji. Baadaye ITU-T ikaanza kutengeneza T-MPLS, toleo lake la MPLS kwa mitandao ya usafirishaji, ambayo ilitumia namba ileile ya Ethertype (namba inayotaja aina ya mzigo ndani ya fremu) ya MPLS huku baadhi ya mambo yake yakipingana na MPLS yenyewe. Ruta ingepokea pakiti bila njia ya kujua inafuata kanuni za nani. Timu ya pamoja ilikaa mwaka 2008, na ripoti yake, RFC 5317 ya 2009 (RFC ni hati iliyochapishwa ya IETF), ikaweka utaratibu: ITU-T ilete mahitaji, IETF iandike itifaki. Hapo ndipo MPLS-TP, MPLS ya pamoja kwa mitandao ya usafirishaji, ilipotokea.

Nanyi fanyeni hivyohivyo. Mkihitaji biti moja ndani ya fremu ya Etheneti, msiichukue. Andikeni hitaji lenu, kisha mwombeni mwenyekiti wa kikundi cha IETF alipeleke IEEE kwa barua rasmi ya uhusiano. Barua pepe ya mtu binafsi kwa rafiki yake wa upande wa pili haihesabiki, hata kama rafiki huyo ni mwenyekiti.

Baada ya hapo andikeni hati ya mipaka, nusu ukurasa tu: tatizo ni lipi, hati gani zitatoka, lini, na yapi hamtayagusa. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Bila hiyo kila kikao kitaongezewa wazo jipya, na mwishowe mtakuwa na rasimu inayotibu kila ugonjwa na isiyoponya hata mmoja.

Watu sita wanatosha kuanza, wakichanganywa wanaoendesha mitandao na wanafunzi wa chuo. Wawili wawe wenyeviti, mmoja mhariri, mmoja wa kumbukumbu, wawili wa maabara. Mwenyekiti asihariri rasimu anayoiamulia, maana atajikuta anapima kukubalika kwa maneno yake mwenyewe.

Maabara haihitaji ruta za bei kubwa. Kompyuta tatu zenye Linux, au mashine pepe tatu, zinatosha kuwa ruta. Ziiteni Dodoma, Manyoni na Singida, ziungeni kwa mstari, na wekeni UPS (betri ya akiba), la sivyo umeme ukikatika katikati ya kipimo mtaanza upya. Mwanga hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya faiba. Kwa hiyo kipande cha Dodoma hadi Manyoni, cha kilomita kama 120, kipeni ucheleweshaji wa milisekunde 0.6 kila upande kwa tc netem, zana ya Linux ya kuiga ucheleweshaji. Kisha washeni MPLS:

modprobe mpls_router
modprobe mpls_iptunnel
sysctl -w net.mpls.platform_labels=1000
sysctl -w net.mpls.conf.eth0.input=1

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika. Linux huanza na sifuri hapo, na ikiwa sifuri, kila pakiti yenye lebo inatupwa kimyakimya. Mstari wa nne urudieni kwa kila kiolesura kinachopokea lebo, mkibadilisha jina la eth0.

Sasa jaribuni kosa linalovunja mitandao mingi ya lebo. Lebo moja ya MPLS ni baiti 4: biti 20 za lebo yenyewe, 3 za daraja la trafiki, 1 ya kuonyesha mwisho wa rundo, na 8 za TTL, yaani hatua zilizobaki kabla pakiti haijatupwa. Acheni MTU ya viungo (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) iwe 1500, wekeni lebo mbili, kisha kutoka kompyuta nyingine iliyounganishwa nyuma ya Dodoma tumeni ping yenye pakiti isiyoruhusiwa kukatwa:

ping -M do -s 1472 anwani-ya-Singida

Baiti 1472 za data, 8 za kichwa cha ICMP (itifaki ya ping na ya ujumbe wa makosa) na 20 za kichwa cha IP ni 1500 kamili. Zikiongezwa lebo mbili zinakuwa 1508, na haipiti. Shusheni hadi 1464, itapita. Kwa mteja tatizo hili linakuja kwa sura ya kupotosha: ping ya kawaida inajibu, ukurasa unaanza kufunguka, halafu unaganda, hasa pale ambapo mtu amezuia ujumbe wa ICMP unaosema pakiti ni kubwa mno. Mkibeba Etheneti nzima ndani ya MPLS, hesabu ni 1500 jumlisha kichwa cha Etheneti 14, neno la udhibiti 4 na lebo mbili 8, jumla 1526. Ikiwepo alama ya VLAN (mgawanyo wa mtandao wa Etheneti) ya baiti 4, 1530. Hesabu za namna hii ziingie kwenye rasimu yenu, kwenye sehemu ya uendeshaji. Msomaji akiziona anajua mmeigusa waya.

Rasimu ya IETF huishi siku 185. Isipopakiwa upya inaisha muda. Waandishi wa ukurasa wa kwanza wasizidi watano. Sehemu za usalama na za IANA, msajili wa namba za itifaki za intaneti, ni lazima ziwepo, hata kama IANA haina la kufanya.

Kuhusu saa kuweni waangalifu sana. Ratiba nyingi za IETF huandikwa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, na Dodoma iko saa tatu mbele. Kikao cha 16:00 UTC ni saa 1 usiku kwetu. Mwisho wa kupakia rasimu kabla ya mkutano huwekwa Jumatatu 23:59 UTC, yaani Jumanne saa 8:59 usiku. Atakayesema tu "saa tano na dakika hamsini na tisa" bila kutaja saa za wapi atawachelewesha wenzake. Andikeni zote mbili kwenye kila mwaliko.

Uamuzi nao una desturi yake. Sisi tunaokaa na Bunge jirani tumezoea wanaoafiki waseme ndiyo, na walio wengi washinde. IETF haipigi kura. Mwenyekiti hutafuta makubaliano ya jumla, na pingamizi la kiufundi la mtu mmoja lina uzito kuliko ndiyo ishirini zisizo na sababu. Kwa hiyo msiulize "nani anapenda chaguo la kwanza?" Ulizeni "nani anaona hili halitafanya kazi, na kwa nini?" Jibu lenye hoja lijibiwe kwa maandishi. Si lazima likubaliwe, ila lisirukwe. Hata mkikubaliana ana kwa ana, uamuzi haujakamilika mpaka uthibitishwe kwenye orodha ya barua pepe ya kikundi, ambako asiyeweza kusafiri naye anasikika. Kwa kikundi kilichoko Dodoma hiyo ni haki kubwa, itumieni: pelekeni pingamizi likiwa na tokeo la ping, toleo la kerneli, na mpangilio wa lebo uliosababisha.