Somo: Mita yako iko D1 au T1? Jipime kabla ya kwenda TANESCO

Uingereza mwenye nyumba hulinganisha kampuni za umeme na kuhama akipenda. Kwetu Arusha na Moshi anayetuuzia ni TANESCO, bei inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hivyo cha kuangalia ni kundi la bei uliloko: D1 la matumizi madogo ya nyumbani, au T1 la matumizi ya kawaida.

D1: uniti 75 za kwanza za mwezi ni sh 100 kila moja, zinazozidi sh 350. T1: sh 292 tangu ya kwanza. Weka VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1%, uniti ya D1 inafika sh 122, ya T1 takriban sh 356.

Hatua ya 1. Jua uliko. Usipimie manunuzi ya kwanza ya mwezi. Yamekatwa kodi ya jengo, sh 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Pimia ya pili: sh 5,000 ikileta uniti 14 uko T1, ikileta 41 uko D1.

Hatua ya 2. Piga hesabu: wati mara saa, gawanya kwa 1,000. Friji ndogo uniti 30 kwa mwezi, TV 9, taa sita za wati 9 kila jioni 8, pasi 4. Jumla 51, D1 inakutosha.

Kinachoharibu ni shawa ya umeme. Soma kibandiko chake: wati 4,500, kwa mfano. Watu wanne, dakika 10 kila mmoja, ni uniti 3 kwa siku, 90 kwa mwezi! Baridi ya Julai hiyo peke yake inakuvusha uniti 75 za D1. Chemsheni maji kwa gesi.

Hatua ya 3. Nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, uombe kubadilishiwa. Wanaangalia wastani wa manunuzi yako, kwa hiyo punguza matumizi kwanza, ndipo uombe.

Maswali

*Tuko Majengo, Moshi, wapangaji wanne mita moja. Tutapata D1?*
Ni vigumu, dada. Mfumo unaona mita, hauoni vyumba. Mita ndogo za ndani zinawasaidia kugawana gharama tu.

*Nimemaliza 75 na leo ni tarehe 28.*
Nunua za kukufikisha tarehe 1 tu. Sasa, kwa bei ya zinazozidi 75, uniti 5 ni sh 2,135. Tarehe 1 zitakuwa sh 610.

*Nikitaka zote 75 kwa mkupuo?*
Lipa sh 10,650: umeme 9,150, kodi ya jengo 1,500. Mita ikiwa na deni, utapata pungufu.