Namna ya kuisoma bajeti ya afya ukiwa kijijini Igunga

Kila Juni, bajeti inaposomwa Dodoma, mezani kwangu kuna redio, daftari la kaunta na kikokotoo. Ni mwaka wa tisa niko kwenye kamati ya zahanati ya kijiji chetu, na natamani kila mwanakijiji aijue hesabu hii, maana trilioni zikitajwa watu hupiga makofi kabla ya kugawanya.

Chukua fungu la afya la mwaka jana na la mwaka huu. Tuseme lilikuwa shilingi 100, sasa ni 110. Kama bei zimepanda kwa asilimia 4, gawanya 110 kwa 1.04. Kisha wageukie watu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Basi gawanya tena kwa 1.032. Utapata kama 102.5. Nyongeza ya shilingi kumi, kwa kila kichwa, imekuwa mbili na nusu. Rudia hesabu hiyo mpaka mkono uzoee.

Tazama na dola pia. Dawa nyingi tunaagiza nje, kwa hiyo shilingi ikishuka, fedha zilezile huleta makopo machache. Mwisho pima afya imepata asilimia ngapi ya bajeti nzima: Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi 15.

Mwaka 1977 mchumi Joseph Newhouse alilinganisha nchi 13, akakuta zaidi ya asilimia 90 ya tofauti ya matumizi ya afya kwa kila mtu inaelezwa na kipato cha nchi. Kwa taifa, mfuko ndio unaoamua. Nyumbani ni kinyume: homa ya mtoto ndiyo inayoamua, uwe nacho usiwe nacho. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituweka uchumi wa kati wa chini, nami nilifurahi kwa dhati. Ila nchi ikipanda ngazi, wafadhili wa chanjo huitaka ichangie zaidi, na pengo hilo lazima kodi zetu zilizibe.

Sasa lete hesabu nyumbani. CHF, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianzia hapa kwetu Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Serikali ilikuwa ikiongeza fedha juu ya michango yetu, ndiyo ile "tele kwa tele". Mama yangu alilipa pamba ilipouzwa. Mwaka wa ukame hakulipa, na mwaka huohuo mdogo wangu akalazwa. Tukauza mbuzi wawili. Kwa hiyo chora safu mbili: miezi fedha inapoingia, na miezi malaria inapopanda baada ya mvua. Utaona hazikutani. Mchango wa bima utenge siku ileile ya mauzo, kabla ya sare za shule na kabla ya harusi.

Ukimaliza, nenda zahanati umwombe mganga mfawidhi leja ya dawa, uandike siku ambazo dawa mseto ya malaria ilikosekana. Karatasi hiyo njoo nayo mkutano wa kijiji.