Somo: Kutafuta mababu zako Usukuma, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, kabla hujakimbilia nyaraka, nenda kwa mzee aliye hai. Nenda wiki hii. Mimi nilichelewa kwa bibi mzaa baba, nikabaki na majina matatu tu.

Hatua ya 1. Usimuulize mzee mwaka. Muulize reli ilipofika Mwanza (1928) wazazi wake walikuwa wapi, au nzige wa miaka ya mwanzo ya 1930 walikuta nani kazaliwa. Majina nayo yanasema. Maige ni nzige. Mabula alikuja na mvua. Shija hufuata mapacha, kwa hiyo mbele yake walikuwepo Kulwa na Doto, hata kama walifariki wachanga na leo hakuna anayewataja. Waandike.

Hatua ya 2. Uliza matongo yenu, yaani mahame ya miji ya zamani, yako wapi. Operesheni Vijiji ya 1974 ilihamisha watu, makaburi yakabaki. Nyumba huisha, lakini ua wa minyaa husimama.

Hatua ya 3. Daftari la ubatizo. Hapa ndipo penye hazina. Wamisionari wa White Fathers walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, 1883, na vitabu vyao waliviandika kwa Kilatini. Filius ni mtoto wa kiume wa fulani, filia wa kike, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Muombe paroko kwa adabu, kisha nakili mstari mzima kama ulivyo, na huyo msimamizi usimwache: huenda ni ndugu. Mama wa mtoto utamkuta kwa jina lake mwenyewe, wakati stakabadhi ya kodi inamjua mwanamume tu.

Hatua ya 4. Serikali. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda 1898. Pekua sanduku la bati la babu kwanza, utafute stakabadhi za kodi. Nyaraka za Taifa kuna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, ila humo watemi (machifu) na wanangwa (wakuu wa vijiji chini yao) ndio wanaotajwa zaidi, basi ujue babu alikuwa chini ya mwanangwa gani.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nimepekua daftari lote, Shija hayumo.
Marahaba. Rudi utafute Schija. Aliyezoea Kijerumani aliandika hivyo. Hata Mwanza yetu waliiandika Muansa.

Sisi ni Waislamu, ubatizo hatuna. Tufanyeje?
Angalieni hati za ndoa, hasa majina ya mashahidi. Na kwenye hitima marehemu wanapotajwa na baba zao, dua ikiisha keti na aliyewataja, uwe na kalamu.

Babu wa baba yangu alichukuliwa upagazi vita ya 1914, hakurudi. Nitampata wapi?
Pole sana, dada. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya 1927, inawakumbuka wapagazi bila kutaja jina la hata mmoja. Andika jina lake kwenye daftari lako, pembeni uandike nani alikusimulia, na siku gani.